Bei ya Jini wa Mlango wa Chumvi

Ijumaa hii nakabidhi funguo. Ni tatu, nimezihesabu mara mbili. Ya tatu haijawahi kufungua kitu tangu nilipopewa, lakini nilipewa, kwa hiyo naikabidhi.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye karakana yetu ya Ngamiani, mnaogeuza hadithi za panga na uganga kuwa michezo ya mezani. Shemeji yangu hadi leo anadhani tunachapa karata. Nimeshamweleza: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu anabeba mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu inaamua. Kazi yetu ni kuandika kanuni, ili watu wasiotujua walifungue boksi wakiwa kwao na hadithi iwatokee. Akaniuliza, "Sasa nani anashinda?" Nikamwambia hapana anayeshinda. Akanionea huruma.

Vyeo vyetu sitavitaja, mtanisamehe. Tulikuwa watu watano na kila mmoja alikuwa mkuu wa kitu.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza spea za baiskeli hapo hapo Ngamiani. Siku moja akaja mzee mrefu, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni, akataka gololi sitini za ekseli. Hakusema za baiskeli gani. Nikamhesabia sitini, nikazirudisha kwenye kopo, nikamhesabia tena. Kisha tukaanza kupatana. Mimi nikapanda, yeye akashuka, mimi nikaapa kwa afya yangu, yeye akaondoka hatua nne na kurudi. Tulipomaliza hakuna aliyekuwa amekasirika. Alikuwa Mzee Mhina, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na gololi alizitaka ziwe pumzi za wahusika: ukipigwa unatoa moja, zikiisha umekufa.

"Wewe unahesabu mara mbili," akaniambia, "na unajua kukataa bila kumtukana mtu. Una kazi nyingine?"

"Ninayo hii."

"Kesho njoo uone hii yangu."

Siku ya kwanza sikupewa dadu. Nilipewa kijitabu cha Chiku Makali, penseli, na kiti chenye mguu mfupi. Chiku, kwa wageni, ni mpiga upanga anayezunguka miji iliyomezwa na chumvi, na kila anapotaka uganga lazima auombe kwa jini, na jini habagui: anataka kidole, anataka jicho, anataka jina la baba yako. Mtunzi wake ni Bi Mwanaidi wa Moa, muuguzi mstaafu, aliyekuwa ameshatoa vijitabu kumi na viwili. Mzee Mhina akasema, "Soma. Kila mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vinginevyo, weka alama." Nikaweka alama saba. Nikasoma tena, zikawa nane. Akatazama, akasema ziko kumi na tisa, na akarudi kwenye chai yake. Hilo ndilo somo lote nililopewa wiki ile, na bado sijapata lililo bora.

Vifaa vyetu mnavijua: sinia la bati la kurushia dadu ili zisikimbilie chini ya kabati, gololi, vifungo vya mashati, penseli. Penseli, nasema. Anayeandika kanuni kwa kalamu ya wino ana kiburi au hana wachezaji. Dadu mpya msiiamini. Niliwahi kurusha moja mara mia sita kwa kuwa sita ilikuwa inanitembelea mno. Nikarudia mia sita nyingine. Ilikuwa mbovu kweli. Zubeda, mchoraji wetu wa ramani, aliichukua na kuifanya ya kuchezea na watoto wa dada yake, na inasemekana hajashindwa hadi leo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa upanga. Niliandika Sura ya Upanga, kurasa thelathini na moja. Ilikuwa na namna ya kushika, namna ya kukwepa, jedwali la mchanga machoni. Tukaijaribu. Tulianza baada ya adhuhuri, na alasiri ikaadhiniwa mlinzi wa geti, adui wa Chiku, akiwa bado amesimama.

Mzee Mhina akavua miwani. "Bi Mwanaidi amemuua huyu mtu kwa mistari mitatu. Wewe una saa mbili unamuua, na bado anapumua."

"Lakini anapumua kwa usahihi, Mzee."

Hakunilazimisha kuikata. Alikuwa mwalimu, alijua mtoto mkaidi hunyooshwa na mtihani.

Uganga, kinyume chake, ulinijia kirahisi, na hapo ndipo pa kunisikiliza. Niliandika hivi: *Msimulizi hutaja bei. Mhusika akilipa, uganga unafanyika.* Maneno saba. Niliyahesabu mara mbili na nikajipongeza. Tulipocheza wenyewe, mezani kwetu, ilikuwa raha tupu. Mimi nikiwa jini ninasema, "Nataka jicho lako la kulia," na Zubeda anaruka:

"Jicho? Kwa mlango tu? Bwana wee, huo mlango wa dhahabu?"

"Basi la kushoto."

"La kushoto ndilo ninaloonea! Hebu tuzungumze kama watu."

Na tunazungumza. Jini anashuka, Chiku anapanda, mwisho anatoa kitu kinachouma lakini anatoka mzima. Tulicheza hivyo zaidi ya mara thelathini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kupatana kumeandikwa. Ngamiani utaandikaje kupatana? Ni sawa na kuandika kwamba wachezaji waendelee kuvuta pumzi.

Kitabu kilipokamilika tukaenda Moa, mimi na Mzee Mhina, kuomba idhini. Bila saini ya Bi Mwanaidi hapakuwa na mchezo, na bila mchezo ule karakana ingerudi kuchapa kadi za harusi, na mimi kwenye gololi. Tulimkuta barazani anakata viazi vitamu. Tukamwamkia shikamoo, tukapewa viti, tukapewa na viazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wa michezo ya redio walikuja kabla yenu," akasema. "Wakasema watamheshimu Chiku. Wakamwoza."

"Wakamwoza kwa nani?" Mzee Mhina akauliza.

"Kwa mwenye duka."

Mzee Mhina akampa pole.

"Sharti langu ni hili," akaendelea. "Mimi sisomi kanuni zenu. Nataka niwaone watu wasiowajua ninyi wanacheza kwa kitabu peke yake. Ninyi mtakaa kando, midomo imefungwa. Kitabu kikishauzwa, wewe Salehe uliyekiandika hutakwenda nacho nyumba kwa nyumba ukieleza ulichokusudia. Meza moja tu. Nikimwona Chiku wangu pale, natia saini. Nisipomwona, mnakunywa chai na mnakwenda zenu."

"Bi, hata meza mbili—"

"Moja."

Nilijaribu tena mlangoni. Akafungia kuku ndani badala ya kunijibu.

Meza akaichagua mwenyewe: Maramba, kwa Mama Neema, aliyekuwa akifanya naye kazi zahanati moja zamani, na sasa anaimba kwaya ya Kilutheri. Tulifika Jumamosi asubuhi, mazoezi yamekwisha. Meza iliwekwa sebuleni kwa Mwalimu Yona, kiongozi wa kwaya, na yeye ndiye angekuwa msimulizi. Mama Neema akachukua karatasi ya Chiku. Wanakwaya wengine wawili, mume na mke wenye shamba la mahindi, wakawa wenzake wa safari. Walikuwa wamekisoma kitabu wiki nzima. Mwalimu Yona alikuwa amekipigia mistari.

Kwanza aliuliza, kwa uso wa mtu anayetaka jambo liwe wazi mapema, "Huyu jini, tukimtaja, si ndiyo kumwita?"

"Ukimtaja simba unaliwa?" Bi Mwanaidi akamjibu.

"Hapana."

"Basi endelea, Mwalimu."

Mimi na Mzee Mhina tukawekwa kwenye kochi chini ya kalenda. Wakaanza, na walianza vizuri mno. Walisomeana kwa zamu, hakuna aliyemkatiza mwenzake. Nikajisemea moyoni, saini hiyo.

Wakafika Mlango wa Chumvi. Chiku akauomba ufunguke. Mwalimu Yona akatazama ukurasa, akatazama dari, akasema kwa sauti ya jini mwenye adabu, "Nataka sauti yako."

Mama Neema akachukua penseli. Akainama, akaandika kwenye karatasi yake: *hana sauti*. Mlango ukafunguka.

Niliinua mkono. Mzee Mhina akanikanyaga.

Mlango wa pili jini akataka jicho. Yule baba wa mahindi akatoa jicho. Kwenye kisima jini akataka mkono wa upanga. Mkewe akautoa, na akaomba radhi kwamba hana mwingine. Nilikuwa najua kitakachofuata. Walinzi walipotokea nyuma yao, aliyewaona alikuwa Chiku peke yake, naye hana sauti ya kuwaita wenzake. Gololi zikaanza kurudi kwenye kopo. Kutoka dadu ya kwanza hadi gololi ya mwisho zilipita dakika arobaini na moja kwa saa yangu. Nikatazama saa ya Mzee Mhina. Arobaini na moja.

"Wamekufa," akasema Mwalimu Yona, kama anayefunga ibada.

Bi Mwanaidi akafunika kitabu. "Haya. Nimeona. Chai ipo?"

Hapo maneno yalinitoka. "Mama Neema, kwa nini hukubisha?"

"Nibishane na nani, mwanangu?"

"Na jini! Anakutajia sauti, unampa sauti?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa? Msimulizi hutaja bei. Mhusika akilipa, uganga unafanyika." Aliisoma neno kwa neno, maneno yangu saba. "Sisi kwenye kwaya noti ikikwambia uimbe sauti ya pili, huimbi ya kwanza ati kwa sababu umejisikia. Kubisha kumeandikwa wapi?"

Nikachukua kitabu. Nikakipekua mwanzo hadi mwisho, Sura ya Upanga yote thelathini na moja, jedwali la mchanga machoni na lote. Nikarudia kutoka mwisho hadi mwanzo. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeandika jinsi ya kumfuta mtu jasho la mkononi ili asidondoshe upanga, na nilikuwa nimesahau jambo moja lililokuwa linawaweka hai.

Nikakiweka mezani. "Bi Mwanaidi, kosa ni langu. Wao wamecheza nilichoandika."

"Najua wamecheza ulichoandika. Ndicho nilichotaka kuona. Na nilisema meza moja."

Kwenye spea mtu akikwambia neno la mwisho, hutazami mdomo wake, unatazama miguu. Nikaangalia miguu ya watu chini ya ile meza.

"Ulisema meza moja, Bi," nikasema. "Na meza ni hii hii. Hawajainuka."

Mzee Mhina akakohoa. Bi Mwanaidi akanitazama kwa muda mrefu, jinsi muuguzi anavyomtazama mtu anayedai sindano haikumwingia.

"Una hila wewe."

"Nimeuza spea, Bi. Ni jirani yake."

"Sawa. Bei yangu hii. Utaandika hiyo kanuni yako hapa, mbele yangu, ukurasa mmoja, unawapa bila neno. Na hizo kurasa za upanga, zote, zinatoka. Chiku ni mistari mitatu."

Kurasa thelathini na moja. Miezi saba. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, maana saini ilikuwa mlangoni inavaa viatu. Kabla sijasema, Mama Neema akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya kwaya, kwa hiyo nyumba nzima ikasikia:

"Mwanangu, usikubali ya kwanza."

Mwalimu Yona ndiye aliyeanza kucheka. Bi Mwanaidi alijitahidi kujizuia, ikamshinda.

"Kurasa kumi," nikasema.

"Mistari kumi."

"Ukurasa mmoja, Bi, mbele na nyuma."

"Mbele na nyuma ni kurasa mbili," akasema Mzee Mhina, mwalimu wa hesabu, ambaye sikumbuki kumwomba msaada.

"Ukurasa mmoja, mbele na nyuma, herufi za kawaida," akasema Bi Mwanaidi. "Usije ukaniandikia za siafu."

Nikapewa karatasi ya daftari. Nikaandika: *Jini hutaja bei. Mhusika anaweza kuikataa na kutaja yake. Jini hujibu. Hivyo mara tatu, si zaidi. Bei ya mwisho lazima iume.* Kisha swali likanishika: nani wa kusema kama inauma? Nikaandika msimulizi. Nikafuta. Nikaandika dadu, nikafuta tena. Nikaandika: *Anayesema kama inauma ni mlipaji. Aulizwe.* Nikawapa, nikarudi kwenye kochi, na safari hii nikajikanyaga mwenyewe.

Wakarudisha gololi zote, wakaanza upya kwenye Mlango wa Chumvi.

"Nataka sauti yako," akasema Mwalimu Yona.

Mama Neema akasoma ule ukurasa wote, kisha akakunja mikono juu ya meza. "Mheshimiwa jini, tumekusikia, na tunashukuru kwa kutupokea. Ila sauti ni kubwa mno. Chukua nywele zake."

"Nywele zinaota. Nipe nyimbo zako zote."

"Nyimbo zote ndiyo sauti yenyewe, umeigeuza jina tu. Chukua upanga."

"Panga ninazo humu ndani tele. Kila anayekuja ananiachia upanga." Mtu aliyekuwa anaogopa kumtaja jini, sasa alikuwa ameegemea kiti kama mwenye nyumba. "Neno la mwisho, Chiku."

"Wimbo mmoja," akasema Mama Neema.

"Upi?"

Hapo akaitazama karatasi yake ya Chiku. Yule baba wa mahindi alikuwa ameshika dadu, akaiweka chini taratibu isije ikalia.

"Ule aliokuwa akibembelezewa na mama yake," akasema Mama Neema mwishowe. "Akitoka hapa hataukumbuka tena. Hata mkisimama wote mkamwimbia, atasikia kelele tu."

"Inauma?" Mwalimu Yona akauliza, maana karatasi ilimwambia aulize.

"Inauma," akasema, na akaandika.

Mke wa yule baba akauliza kama wao wanaoujua wimbo wanaruhusiwa kuuimba mbele yake. Kitabu hakikuwa na jibu. Walishauriana wenyewe, wakakubaliana kwamba hawataimba. Mimi niliuma kitambaa cha kochi.

Dadu ikaviringika kwenye sinia, ikasimama kwenye tano. Wakapita mlango, wakapita kisima, na walinzi walipotokea Chiku akapiga ukelele, wenzake wakageuka. Walitoka wote watatu. Yule baba alikuwa amebakiwa na gololi moja, akaifunga mkononi kama mbegu. Muda waliotumia siujui. Sikutazama saa, katika kazi yangu yote ni siku ile pekee.

Bi Mwanaidi alikuwa hajanywa chai yake.

"Mimi nimemkata vidole," akasema, bila kumtazama mtu. "Nikamtoa jicho kwenye kijitabu cha tano. Vijitabu kumi na viwili, na sikuwahi kumwuliza jini kama bei inapungua."

"Kwa nini, shoga yangu?" Mama Neema akamwuliza.

"Nilijua ukurasa wa mwisho nitamwokoa mwenyewe." Akaitazama karatasi ya Chiku pale mezani, na maandishi ya rafiki yake yaliyoandikwa chini kabisa: *hana wimbo wa mama*. "Nyie hamna wa kuwaokoa. Lazima mpewe cha kumwambia jini."

Kisha akanyoosha mkono. "Leta hiyo ya kutia saini."

Nikampa. Akaisoma. Nikadhani anatia saini. Akarudi juu, akaisoma tena kutoka mwanzo. Nikajua nimepata wa kufanya naye kazi.

Tulifanya naye kazi miaka mingi, na mingine mnaifahamu. Sura ya Upanga ilitoka ukurasa mmoja, mbele na nyuma, na hakuna mchezaji aliyewahi kuulizia jedwali la mchanga machoni. Kijitabu cha kumi na tatu kilipokuja, Chiku alisimama mbele ya jini wa kwanza, akatajiwa mkono wake wa kulia, akavuta kigoda akakaa. Mzee Mhina alikisoma kitandani, wakati ule ameshaanza kuumwa. Aliniita nimwendee na penseli, akaweka alama hapo kwenye kigoda.

Basi, kazi ni hiyo. Mkimaliza kitabu, msikijaribu Ngamiani peke yake. Sisi hata kanuni ikiwa na shimo tunalivuka kwa maneno bila kulitazama. Kipelekeni kwa watu wanaoimba kilichoandikwa. Mama Neema bado yuko Maramba, anachukua wageni baada ya mazoezi, na siku hizi hata nauli ya bodaboda anakupatania yeye.

Ile karatasi ya daftari iko kwenye droo ya kushoto, chini ya sinia. Kuna sehemu imechakaa kwa raba, pale kwenye nani anayesema kama inauma. Mkishikwa na tamaa ya kuipa dadu kazi hiyo, ifungueni mtazame. Nilishajaribu, nikafuta. Droo haifungwi, ule ufunguo wa tatu nimeujaribu pale mara mbili.